Vidole Viwili kwa Risasi Ngumu

3 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na baridi ya huko imeanza kukuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna hata mafua.

Nina habari. Kampuni imenipandisha cheo. Miaka sita nimeongoza wapiga picha na wawindaji wa swala. Kuanzia msimu wa Agosti nitaongoza wawindaji wa nyati na tembo. Meneja ameniambia nichague bunduki yangu mwenyewe kabla Mei haijaisha, maana mgeni akikosea shabaha, mimi ndiye wa kumaliza. Hapo ndipo nilipokwama.

Muuza bunduki wa mjini, tunayemwita Katalogi kwa sababu hasemi neno bila kufungua ukurasa, ananisukumia bunduki nyepesi ya komeo, kaliba mia tatu, yenye darubini ndefu kama chupa ya chai. "Kaka," anasema, "mbio zake tu zinaua. Hii ikimgusa tembo, anaomba radhi." Nami nyumbani nina ile ya marehemu baba, ya mitutu miwili, mia nne na sabini, iliyolala sandukuni miaka thelathini na moja. Nzito kama mlango. Wenzangu wanasema nikiichukua hiyo nitakuwa nabeba kitanda porini.

Wewe ndiye uliyekuwa mpakiaji wake miaka yote. Ulimbebea risasi, ukasimama nyuma yake, ukamjazia bunduki ilipoisha. Mimi nilikuwa na miaka mitatu alipokufa. Sina mwingine wa kumuuliza. Nishike ipi, na niilishe nini?

Kuhusu barua ya mwaliko, usiwe na wasiwasi. Najua kwamba ulishachukua uraia wa huko, na bila sahihi ya ndugu hawatakuruhusu kurudi kukaa. Fomu nimeshaichukua. Chumba cha nyuma ulicholala ujana wako ni chako. Mama amekubali.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine juu yake. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, koti sijavua. Mimi mzima kwa kiasi cha mzee. Bado nakaa chumba kile kile juu ya duka la cherehani, na asubuhi nashuka kuzitengeneza, ingawa vidole vinaniaga kimoja kimoja. Cha kati cha mkono wa kushoto kimejikunja tangu mwaka juzi, hakinyooki hata nikikivuta. Daktari alisema nikizoee. Mwambie shemeji kwamba magoti yake na vidole vyangu vingeweza kuanzisha chama.

Sasa kazi. Mwambie Katalogi, kwa heshima zangu zote, kwamba tembo hajui kusoma.

Mbio za risasi zinaua swala, kwa kuwa swala ni nyama laini juu ya mifupa myembamba. Tembo ni jengo. Akikukabili uso kwa uso, ubongo wake, usiozidi mikate miwili midogo, umekaa nyuma kabisa, na mbele yake kuna mfupa wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki, unene wa mkono wako kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Risasi nyepesi inafika hapo mbio mbio, inapasuka, na tembo anajua tu kwamba kuna mtu amemtukana. Unachohitaji ni uzito usiokubali kusimama. Ile ya baba yako inatupa kichwa cha risasi cha gramu thelathini na mbili. Bunduki ya kaliba mia tatu sabini na tano ingekutosha kwa nyati, na hata kwa tembo siku ikiwa njema. Lakini wewe hulipwi kwa ajili ya siku njema.

Chukua ya baba yako. Uzito wanaoucheka ndio utakaomeza teke lake. Na ule mtutu wa pili uko tayari bila kuvuta komeo wala kutoa sauti. Kidole kinasogea tu kutoka kifyatulio cha mbele kwenda cha nyuma. Hakuna bunduki ya komeo duniani itakayokupa pigo la pili haraka hivyo.

Ila usibadilishe uzito wa risasi. Mitutu ile ilifungwa kiwandani ili ikutane mahali pamoja kwa gramu zile zile. Ukiilisha nyingine, mmoja utapiga kushoto na mwenzake kulia, kama mume na mke walionuniana. Usiache risasi kwenye dashibodi. Baruti ikipata moto sana ganda linanasa, na bunduki iliyonasa ni rungu la bei mbaya. Darubini achana nayo. Kichakani tembo atakuwa hatua kumi na tano, na ndani ya darubini utaona ukuta wa kijivu usijue ni sehemu gani ya ukuta. Kitako mpelekee seremala. Fumba macho, ipandishe begani, fumbua: chembe ya mbele ya kulengea iwe imeshakaa kwenye mkato wa nyuma. Isipokaa, kitako si chako.

Unajua kilichompata baba yako. Tembo alimtokea ubavuni, hakuwahi hata kufyatua. Kwa hiyo usije ukailaumu bunduki. Haikupata nafasi.

Chumba cha nyuma nakikumbuka mpaka ufa wa dirishani, na tangi la maji lililozuia jua la asubuhi. Nina miaka sabini na minne, mwanangu. Sina kingine ninachokitaka.

Baba yako mdogo


2 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole na kidole. Sisi hatujambo, na mama amecheka habari ya chama mpaka akakohoa.

Nimekusikiliza. Seremala ameongeza kitako nusu inchi, maana mikono yangu ni mirefu kuliko ya baba. Siku ya kwanza ya kuijaribu niligusa vifyatulio vyote viwili kwa pamoja, nikajikuta nimekaa chini kama mgeni aliyekaribishwa uji. Meneja aliniuliza kama nataka na mto. Siku ya tatu, risasi mbili kwenye kifuniko cha sufuria, hatua ishirini. Hawacheki tena.

Katalogi ameniuzia risasi laini ishirini na ngumu ishirini, uzito ule ule. Swali langu ni hili. Zikiwa kwenye mkanda, vichwa vimeingia ndani, vitako vinafanana kama mapacha. Kichakani mtu atajuaje ipi ni ipi bila kuitoa na kuitazama? Na ninyi wawili mliambianaje, mnyama akiwa karibu?

Chumba nimekipaka rangi. Fomu bado mhuri wa ofisi na sahihi yangu tu.

Mwanao


27 Mei

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mimi mzima, na leo ni mzima zaidi, maana sijaulizwa swali zuri kama hilo tangu nifike nchi hii. Hapa watu huniuliza kama cherehani itakuwa tayari Ijumaa.

Laini ina ncha iliyo wazi, hufunguka kama uyoga ndani ya nyama. Hiyo ni ya nyati, pigo la kwanza, nyuma ya bega. Ngumu ingempita ikamjeruhi aliye nyuma yake. Ngumu imevikwa chuma mwanzo hadi mwisho, haifunguki. Hiyo ni ya tembo, ya kwanza na ya mwisho, bila mjadala. Kumpa tembo laini ni kumpiga kwa andazi.

Sasa nakupa siri ambayo ilikuwa ya watu wawili. Kila risasi ngumu niliipitisha tupa mara moja kwenye ukingo wa kitako cha ganda: mkato mdogo, usiozidi ukucha wa mtoto mchanga. Laini niliziacha na ukingo mzima. Basi. Gumba linapita juu ya mkanda na linajua, giza au mwanga, jasho au vumbi. Ndiyo maana waliniita Tupa. Wao walidhani ni kwa ajili ya maneno yangu.

Na mnyama akishakuwa karibu, hakuna anayesema. Mpiga risasi anaifungua bunduki, anapeleka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Kidole kimoja, laini. Vidole viwili, ngumu. Anageuza kiganja, mpakiaji anaweka mbili. Hageuki kutazama, wewe hufungui mdomo. Sheria hiyo aliiweka baba yako mwenyewe, na alikuwa mkali nayo kuliko mwalimu wa hesabu.

Nikifumbwa macho ningeweza kuupanga mkanda ule hata leo. Miaka ishirini na miwili, mwanangu, sikuwahi kuchanganya hata moja. Na sikuwahi kumpa baba yako kitu ambacho hakukiomba.

Chukua tupa ndogo ya pembe tatu. Fanya kazi hiyo mezani, kwenye mwanga, bila haraka.

Baba yako mdogo


19 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Shemeji hajambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Najiambia ni msimu, uko porini na posta haifiki. Kisha najiambia mambo mengine, na hayo siyaandiki.

Nimeshamwambia mwenye nyumba nitatoka, na chumba amekipangisha kwa kijana wa kinyozi. Vitabu nimevigawa maktaba. Nimebaki na kamusi, maana waliniambia imechakaa mno. Andika mstari mmoja tu. Ulimpata tembo? Alianguka vipi?

Baba yako mdogo


8 Oktoba

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima. Msimu umeisha salama: tembo wawili, nyati saba. Tembo wa pili mgeni alimpiga kwenye mkonga, akatujia. Nilimpiga kwenye mstari wa masikio hatua kumi na mbili, akakaa chini kwa miguu ya nyuma kwanza, kama mtu aliyechoka. Ulisema kweli kuhusu bunduki.

Barua zako zote zimefika. Nitakueleza kwa nini nimenyamaza.

Mwezi wa sita nilikuwa nimekaa meza ya jikoni, natia mikato kama ulivyonifundisha. Mama akasimama nyuma yangu.

"Unazikwaruza za nini hizo?"

Nikamsomea barua yako. Laini ukingo mzima, ngumu mkato. Akaingia chumbani, akatoka na kopo la majani ya chai. Ndani kulikuwa na bahasha ya polisi, na ndani ya bahasha maganda mawili. Waliyatoa kwenye mitutu siku walipoichukua bunduki, wakamrudishia pamoja nayo. Wewe ulikuwa umeshaondoka.

Maganda matupu, Baba Mdogo. Yamefyatuliwa. Na ukingo ni mzima kwenye yote mawili. Nimepitisha gumba mpaka limetoka lengelenge.

"Si alituambia hakuwahi kufyatua?" mama akauliza.

Nikamwambia labda polisi walikuwa wanaijaribu. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani nikimwambia nimeshaoga.

Niambie ilivyokuwa.

Mtoto wa kaka yako


30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi uko salama. Pigo la mstari wa masikio ndilo gumu kuliko yote.

Kuhusu maganda. Ni miaka mingi, na kumbukumbu ya mzee ni nguo iliyofuliwa mara nyingi. Siku ile tulitoka kwa ajili ya nyati. Huenda alifyatua nisisikie, kwa kishindo cha tembo na miti kuvunjika. Na huenda mkanda ulichanganyika asubuhi, tulipakia kwa haraka. Mambo kama hayo hutokea. Mwambie shemeji nampa pole upya.

Kijana wa kinyozi anahamia mwisho wa Februari. Fomu imefikia wapi?

Baba yako mdogo


15 Novemba

Kwa Tupa,

Barua zako ziko mbele yangu, nimezipanga kwa tarehe.

Machi umeandika hakuwahi kufyatua. Oktoba umeandika huenda alifyatua usisikie. Wewe uliyekuwa umesimama urefu wa mkono nyuma yake, bunduki yenye sauti ya kung'oa meno. Oktoba umeandika mkanda ulichanganyika. Mei umeandika, "sikuwahi kuchanganya hata moja."

Mimi naiamini ya Mei. Siku ile ulikuwa unajisifia kazi yako, na fundi akijisifia kazi yake hasemi uongo. Hilo nimelijua kwako. Na chini ya mstari ule umeandika hukuwahi kumpa kitu ambacho hakukiomba. Huo nao nauamini. Nimekaa nao miezi mitano.

Fomu iko mezani. Mhuri wa ofisi upo. Pamebaki sahihi yangu. Mama ameweka bakuli la chumvi juu yake ili upepo usiichukue, na kila tukila tunaiona.

Niandikie kilichotokea, kwa usahihi ule ule ulioandikia habari za fuvu la tembo. Ukiandika "huenda" hata mara moja, fomu nitaiwashia jiko.

Mtoto wa marehemu


4 Desemba

Mwanangu,

Barua yako imekuja bila shikamoo. Nimeipokea hivyo hivyo.

Siku moja kabla, kambini, kulikuwa na wageni wanne mezani. Nilimwambia baba yako, kwa sauti ya chini, kwamba eneo tunalokwenda kesho lina tembo wengi, abebe ngumu mitutu yote. Alinizaba kofi. Akasema kwa sauti, ili wageni wasikie, "Wewe kazi yako kunipa. Siyo kufikiri. Ukitaka kufikiri, kafikirie jikoni na masufuria." Mmoja aliuliza amesema nini, baba yako akamtafsiria, wote wakacheka. Hata mpishi alicheka. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na nilikuwa mkubwa kwa msoma nyayo ambaye naye alicheka.

Asubuhi alipiga nyati, mtutu wa kulia na wa kushoto, nyati akaingia kichakani na damu. Tulimfuata. Baba yako alifungua bunduki, maganda yakaruka, na wakati huo huo kichaka kikavunjika upande wa kushoto. Yeye alikuwa ameinamia bunduki. Alidhani ni nyati wake anarudi. Mkono ukaja nyuma ya mgongo. Kidole kimoja.

Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu. Nilimwona tembo. Masikio, kisha uso wote.

Gumba langu lilikuwa juu ya mkanda. Mkato uko hapa, ukingo mzima uko pale, umbali wa nukta mbili za kalamu. Alikuwa ameomba laini. Kati ya kidole chake na kiganja chake palikuwa na nafasi ya neno moja, "Ngumu." Hata kumwekea ngumu bila kusema neno, nafasi ilikuwepo. Nilimpa alichoomba. Sikukosea, wala sikuchelewa. Niliziweka vizuri kiganjani, vitako vikiwa vimeelekea gumba, kama alivyopenda.

Alifunga bunduki, akainua macho, akaona. Hakuwa na muda wa kubadilisha. Alipiga zote mbili kwenye paji la uso, mahali sahihi kabisa, pigo zuri kuliko yote niliyowahi kumwona akipiga. Tembo alitikisa kichwa mara moja. Kabla hajafika, baba yako aligeuka akanitazama. Alijua. Ndiyo mara ya kwanza kuivunja sheria yake ya kutogeuka.

Nilimwambia shemeji hakuwahi kufyatua, kwa sababu aliyefyatua hukaguliwa risasi. Baada ya miezi miwili nilikuwa kwenye ndege.

Hakuna "huenda" katika barua hii. Nimeisoma mara nne kuhakikisha.

Baba yako mdogo


12 Januari

Tupa,

Mama nimemsomea barua yako yote, jikoni, mpaka mwisho. Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akasema, "Mwambie aje. Chumba kimeshapakwa rangi."

Nimetia sahihi. Fomu imo humu. Panapoulizwa sababu ya safari nimeandika: kazi.

Kuna tembo dume mzee, amevunja maghala matatu na kuua mlinzi. Kampuni imepewa kibali cha kumtoa mwezi wa tatu, na Meneja ameniachia mimi. Nimemwambia nina mzee wa kazi hizo anarudi nyumbani. Utatembea mbele, na bunduki ya baba. Mimi nitakuwa nyuma yako na mkanda. Nimeupanga wewe ulivyoupanga: mikato huku, ukingo mzima kule.

Sheria ni ile ile. Husemi, sisemi. Hugeuki. Ukinyoosha kimoja nitakupa laini. Ukinyoosha viwili nitakupa ngumu. Kazi yangu kukupa, siyo kufikiri.

Habari za kidole chako cha kati, cha mkono wa kushoto, nazikumbuka. Pole.

Mpakiaji wako


2 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Shemeji hajambo, na magoti? Mimi mzima.

Fomu imefika na wameikubali. Nafika tarehe ishirini na tatu, asubuhi. Usije kunipokea, njia ya nyumbani naijua, na sanduku lina kamusi tu na mashati. Mwambie seremala akipunguze kitako ile nusu inchi aliyoiongeza, mikono yangu ni mifupi kama ya kaka. Risasi zisikae kwenye dashibodi.

Kidole nimekijaribu kwa maji ya moto, kwa mafuta, hata kwa kijiti na uzi wa cherehani usiku kucha. Nikifungua uzi, kinarudi kilipokuwa.

Mkono wangu ukija nyuma, nipe utakachokiona.

Baba yako mdogo